Amplifaya Inayojisikiliza

Umeme ukikatika siku ya maziko hapa Mbalizi, vijana huleta betri na amplifaya ndogo, na kazi huendelea. Zamani haikuwa rahisi. Amplifaya zilipata moto kama jiko, na betri ikaisha kabla wasifu wa marehemu haujasomwa.

Hizi mpya huitwa za daraja la D. (Wauzaji husema D ni ya dijitali. Sivyo, ilifuata tu A, B na C.) Mfikirie mkulima anayemwagilia bustani. Aweza kufungua mlango wa mfereji nusu na kuyazuia maji kutwa nzima. Ndivyo amplifaya ya zamani ilivyouzuia umeme, na nguvu iliyozuiwa ikageuka joto. Au aweza kuufungua wote, kisha kuufunga wote, tena na tena. Akitaka maji mengi, huukawiza wazi. Amplifaya ya daraja la D hufanya hivyo mara laki kadhaa kwa sekunde moja. Sauti hulinganishwa na wimbi la pembetatu lipandalo na kushuka kwa kasi hiyo, na upana wa kila pigo la umeme huifuata sauti. Mwishoni koili na kapasita huyalainisha mapigo.

Tupige hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Spika zikila wati 100 mfululizo, mashine inayopoteza nusu ya umeme itadumu saa 6. Ile inayotumia vema asilimia 90 itakaribia saa 11. Hiyo ni hesabu ya karatasi, maana betri haikamuliwi hadi tone la mwisho.

Lakini mapigo hayo hukatwa katika umeme wa betri yenyewe. Betri ikilegea, kimo cha kila pigo hupungua, na sauti hulegea nayo. Tena swichi mbili hupokezana, na lazima pawe na pumziko dogo mno kati yao, zisije zikafunguka pamoja na kuungua. Pumziko hilo huikwaruza sauti. Mwaka 1964 Sinclair wa Uingereza waliuza amplifaya ya namna hii, X-10, nayo haikusifika.

Dawa ni mrejesho. Tarehe 2 Agosti 1927 mhandisi Harold Black wa Marekani, akiwa kivukoni akienda kazini, aliuchora juu ya ukurasa wa gazeti. Sehemu ndogo ya sauti itokayo hurudishwa, ikalinganishwa na ile iliyoingia, na kosa likapunguzwa. Ikichukuliwa baada ya koili, hata makosa ya koili husahihishwa. Ila koili huchelewesha, na sahihisho likichelewa mno mashine hulia yenyewe, kama maikrofoni iliyoelekezwa kwenye spika. Wabunifu wengine huiacha ilie makusudi, juu kupita sikio, na mlio huo ndio unaokata mapigo!

Mimi nilipata yangu kwa muuzaji mmoja, nikaijaribu kwa umeme wa dukani tu. Msibani, kila taa zilizofungwa kwenye betri ile ile zilipowashwa, sauti ilididimia, na wazee waliokaa nyuma hawakusikia majina ya wafiwa. Sasa naenda dukani na betri yangu na taa ya gari. Naiwasha, naizima, huku mtangazaji wa redio akisema. Sauti isipotikisika, natoa fedha.