Jicho linapokataa kutazama pembeni

Maswali yanayotufikia kutoka Handeni na Korogwe kuhusu macho ya watoto yanafanana: mtoto alikuwa mzima, akaumwa kichwa au homa, kisha jicho moja likaingia ndani kuelekea puani. Mama anaambiwa ni kijicho cha jirani, au kwamba alimcheka mwenye makengeza alipokuwa mjamzito. Huo ni uzushi mtupu. Wengine humtuliza kwamba ni makengeza ya ukoo, yataisha mtoto akikua. Makengeza ya kurithi yapo, lakini jicho lililopinda juzi baada ya kichwa kuuma si la kusubiri.

Misuli sita ya kila jicho huamriwa na neva tatu za ubongo: ya tatu, ya nne na ya sita. Neva ya tatu ikipooza, kope huanguka na jicho huelekea nje na chini. Mboni ikitanuka pia, hiyo ni dharura. Ya nne ikipooza, mtoto hulaza kichwa upande mmoja, na wapo wanaochuliwa shingo bure miaka mingi.

Neva ya sita ndiyo ya ajabu. Huhudumia msuli mmoja tu, ule unaolivuta jicho upande wa sikio. Lakini hutoka kwenye shina la ubongo, hupanda ikiambaa chini ya fuvu, hupinda juu ya ncha ya mfupa wa sikio, ndipo iende jichoni. Homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu kilichofika kwenye ubongo, maji kujaa kichwani au uvimbe vikiongeza shinikizo, shina la ubongo husukumwa chini na neva hiyo, iliyoshikizwa njiani, huvutwa. Ndiyo maana jicho linapinda wakati ugonjwa uko mbali nalo. James Collier wa Uingereza aliieleza hali hiyo tangu 1904.

Mpimaji haishii kumfuatisha mtoto kidole. Katika makengeza ya kawaida, kupinda hubaki vilevile popote mtoto atazamapo. Katika kupooza, huzidi akitazama upande wa msuli uliogoma. Mtoto mchanga asiyefuata kitu hugeuzwa kichwa kwa haraka: kikienda kushoto, sikio la ndani huyapeleka macho kulia bila yeye kuamua. Jicho lililoonekana limekufa likifika hadi pembeni, neva i hai. Hilo lifanywe na mtaalamu; nyumbani msijaribu.

Mtoto akiwa na homa, wazazi wa Korogwe wanaijua malaria vizuri. Lakini kipimo cha malaria kikisoma chanya, hakijaondoa uwezekano wa homa ya uti wa mgongo.

Na hawa waganga wanaochanja chale kandokando ya jicho! Watoto wengine hupooza neva ya sita baada ya maambukizi ya virusi na hupona wenyewe katika miezi michache. Mganga hupokea sifa na kuku. Mwenye uvimbe kichwani humaliza miezi hiyohiyo akifukizwa.

Jicho likipinda ghafla, au mtoto akitapika asubuhi, akalegea, akakakamaa shingo au akapata degedege, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo; zahanati iandike rufaa. Mboni ikionekana nyeupe, msisubiri pia. Chukueni picha zake za zamani kwenye simu: zitamwonyesha daktari jicho lilianza kupinda lini.