Kwa Nini Tilapia wa Bwawani Hawakui

Kituo cha samaki cha Sagana, kisicho mbali na Embu, kilianzishwa mwaka 1948. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300, la kutiwa vifaranga 1,000 vya samaki.

Lakini wafugaji wengi hulalamika kwamba bwawa limejaa tilapia, nao hawazidi kiganja cha mtoto. Sababu si uchawi wala maji mabaya. Tilapia, ambaye Waluo humwita ngege, hutaga mayai, kisha jike huyachukua kinywani na kuyalea humo hata watoto waweze kuogelea. Hivyo wengi mno huokoka, wakagombea chakula na wazazi wao. Yafaa basi kutia madume peke yao, ambao hukua upesi kuliko majike. Au kuongeza kambare wachache wapate kula vifaranga vinavyozidi. Kambare hao wawe wadogo kuliko tilapia siku ya kutiwa, la sivyo watakula mtaji wote!

Baridi nayo huzuia. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi, tilapia hula kidogo sana. Kwa hiyo mfugaji wa Siakago ana bahati kuliko mwenzake wa Manyatta, kwenye mashamba ya chai. Huyu wa juu asiache mfereji wa mto upite bwawani usiku na mchana, kwa maana maji yapitayo huleta baridi, tena huchukua mbolea ikuzayo chakula cha samaki.