Majina ya Kidachi: Asili na Maana Zake

Katika mji wa Gairo, ulio kwenye njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, kulikuwa na shauri zito katika nyumba moja ya jamaa tunaowafahamu. Alizaliwa mtoto mwanamume, na baba yake akataka kumwita Adolfu. Jina hili hakulipata vitabuni. Lilikuwa la babu yake mwenyewe, mzee aliyebatizwa kwalo kabla ya vita vya mwaka 1939, akaishi nalo maisha marefu akilima mahindi na kuamua ugomvi wa majirani kwa haki. Lakini mjomba wa mtoto, naye ni mwalimu, alikataa kabisa. Na katika Ukaguru, ambako ukoo hufuatwa upande wa mama, neno la mjomba si dogo. Alisema ya kuwa jina hilo ni la mtu aliyewaua watu kwa mamilioni, na mtoto atadhihakiwa shuleni. Ndipo bibi wa mtoto, binti wa yule marehemu, alipouliza: "Majina yetu yote husema neno. Hili lasema nini?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Swali la bibi huyu ni la haki, nasi tumeona vema kulijibu. Maana majina ya namna hii ni mengi katika nchi yetu, na wengi wayachukuao hawajui yatoka wapi wala yana maana gani.

Kwanza yafaa tujue yalivyotufikia. Wengi hudhani ya kuwa yaliletwa na serikali ya Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, walioitawala nchi hii tangu mwaka 1885 hata vita vya 1914–1918. Ni kweli kwamba lugha yao ilituachia maneno kama shule na hela. Lakini majina mengi yalipitia mlango mwingine, nao ni ubatizo, tena yalikuja kwa njia zaidi ya moja. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuingia Morogoro katika miaka ya 1880, walikuwa watu wa Ufaransa, na wengi wao walitoka Alsace, nchi ambayo watu wake husema lahaja ya Kidachi. Upande wa Ukaguru, Waingereza wa C.M.S. walikaa Mamboya tangu karibu mwaka 1880. Kusini, huko Peramiho na Ndanda, walikuja Wabenediktini kutoka Ujerumani yenyewe.

Msomaji ataweza kuuliza: Je, Mfaransa na Mwingereza wana majina ya Kidachi? Ndiyo, wanayo. Makabila ya Kijerumani ya zamani, kama Wafranki, yaliitwaa nchi ambayo leo ni Ufaransa, na majina yao yakaenea humo. Kisha mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaishinda Uingereza, wakapeleka huko majina kama William, Henry, Richard na Robert. Kwa hiyo Wilhelm wa Mjerumani, William wa Mwingereza na Guillaume wa Mfaransa ni jina moja lililovaa nguo tatu.

Pili, na tutazame jinsi majina haya yalivyoundwa. Mengi ya yale ya kale ni maneno mawili yaliyounganishwa. Wilhelm ni "nia" na "chapeo ya vita". Friedrich, ambaye kwetu ni Frederiki, ni "amani" na "mwenye enzi". Heinrich, yaani Henriki, ni "maskani" na "mwenye enzi". Ludwig, yaani Ludoviki, ni "mashuhuri" na "vita". Bernhard ni "dubu" na "shupavu". Leonard ni "simba" na "shupavu". Gerhard ni "mkuki" na "shupavu". Robert ni "sifa" na "kung'aa", na Albert ni "uungwana" na "kung'aa". Konrad ni "hodari" na "shauri". Hermann ni "jeshi" na "mtu". Wanawake nao hawakunyimwa silaha: Gertrud ni "mkuki" na "nguvu", Matilda ni "uwezo" na "vita", na Hilda ni "vita" peke yake. Mama Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa dunia huko Beijing mwaka 1995, amelichukua jina la mkuki. Na Frederick Sumaye, Waziri Mkuu wa Tanzania tangu 1995 hata 2005, jina la amani.

Lakini hapa lazima tuonye. Watu hupenda kuyaunganisha maneno haya mawili na kuyafanya sentensi moja, kana kwamba Friedrich maana yake ni "atawalaye kwa amani". Huenda mzazi mmoja alifikiri hivyo, lakini desturi haikuwa hiyo. Wajerumani wa kale walikuwa na hazina ya maneno ya heshima, nao waliyachagua na kuyapanga ili kuonyesha ukoo. Mara nyingi mtoto alipewa sehemu moja ya jina la baba au la babu. Katika utenzi mmoja wa Kidachi cha kale, ulioandikwa katika karne ya 9, babu ni Heribrant, mwanawe ni Hiltibrant, na mjukuu ni Hadubrant. Sehemu ya mwisho ni moja, nayo yawafunga watu watatu kama kamba. Wazee wetu wanaomrithisha mtoto jina la jamaa aliyetangulia hawataona jambo hili kuwa geni. Njia ni mbalimbali, lakini nia ni moja, ndiyo kwamba aliyekufa asisahauliwe na aliyezaliwa asiwe mpweke.

Tatu, si kila jina litumiwalo na Wajerumani ni la Kijerumani kwa asili. Hans ni kifupi cha Johannes, nalo ni la Kiebrania. Hivyo Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, na Yohana wa kijijini kwetu wana jina moja. Klaus ni Nikolaus, la Kiyunani. Greta ni Margareta, la Kiyunani pia. Martin na Ursula ni ya Kilatini. Kwa upande mwingine, Fritz ni Friedrich aliyefupishwa, na Kurt ni Konrad. Hata majina yenye kumtaja Mungu wanayo: Gottlieb ni "mpenzi wa Mungu", na Traugott ni "mtumaini Mungu". Wakristo wa Uchagga wanaowaita watoto wao Elifuraha wataitambua namna hiyo mara moja.

Nne, twaona jinsi kinywa chetu kilivyoyapokea. Jina la Karl, lenye maana ya "mwanamume" au "mtu huru", kwetu ni Karoli, kwa sababu lilipitia Kilatini, Carolus. Ndivyo alivyoitwa Karoli Lwanga, aliyeuawa kwa ajili ya imani katika Buganda mwaka 1886. Vivyo hivyo Ludoviki na Henriki yatoka kwa Ludovicus na Henricus, maana katika makanisa ya Kikatoliki vitabu vya ubatizo viliandikwa kwa Kilatini. Kisha ulimi wa Kibantu, usiopenda neno liishie kwa konsonanti, ukaongeza irabu: Getruda, Leonadi, Adolfu. Jina lililokwisha kupita safari hiyo si la ugenini tena, limekuwa mwenyeji.

Sasa turudi Gairo. Adolf ni maneno mawili: adal, yaani "uungwana, ubora wa nasaba", na wolf, yaani "mbwamwitu". Mtu asicheke kusikia mnyama. Nasi tunao watu waitwao Simba na Chui, wala hatuwadhanii kuwa wabaya. Jina hili lilichukuliwa na askofu wa Osnabrück aliyekufa mwaka 1224, ambaye Kanisa humheshimu kuwa mtakatifu. Na mfalme Gustav Adolf wa Sweden, aliyeanguka vitani mwaka 1632, alikuwa nalo pia. Lilikuwako miaka mamia kabla ya Hitler kuzaliwa. Walakini mjomba naye hakusema uongo. Baada ya mwaka 1945 Wajerumani wenyewe karibu wameacha kuwapa watoto wao jina hili, kwa aibu na kwa kuwaheshimu waliouawa. Hatuwezi kusema ya kuwa maana ya kale hulifuta doa jipya. Jina ni kama chombo: fundi alikifinyanga kwa kusudi lake, lakini watu wakumbuka kile kilichotiwa ndani yake baadaye.

Wazee wa nyumba ile walipotutaka shauri, tulieleza haya yote, tukaongeza moja. Jina lina maana tatu: ile ya maneno yake, ile ya waliolichukua duniani, na ile ya mtu ambaye mtoto arithi kwake. Bibi alisikiliza, akasema kwamba baba yake hakuwa mbwamwitu wala mfalme, bali mtu aliyesikiliza pande mbili kabla ya kusema. Mwisho walipatana: mtoto alibatizwa Konrad, jina la uhodari na shauri, na nyumbani akaitwa kwa jina la Kikaguru alilokuwa nalo babu yule kabla ya ubatizo wake. Mjomba alikubali, na baba hakupoteza mzee wake.

Wahenga walisema, jina jema hungara gizani. Basi twawaomba wazazi, kabla ya kumpa mtoto jina la mbali, waulize swali la bibi wa Gairo, na jibu walihifadhi hata siku mtoto atakapouliza mwenyewe.