Neno "Cheap": Lilitoka Wapi, na Lamfundisha Nini Mkulima?

Majuma matatu baada ya mvua za masika kuanza, mzee mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na mfuko mtupu wa mbegu za mahindi. Alikuwa amepanda eka moja, lakini mahindi yaliyoota hayakufika hata robo ya shamba. Mfuko wenyewe haukuwa na lebo. Nilipomwuliza kwa nini alinunua mbegu hizo, alijibu, "Mwanangu, yule kijana pale sokoni aliniambia ni cheap."

Neno hilo twalisikia kila siku, na hata wasiojua Kiingereza wanalielewa. Lakini wanaojua asili yake ni wachache. Yafaa tuitazame, maana ndani yake mna onyo kwa kila mnunuzi.

Hapo kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza walisema "ceap". Maana yake haikuwa bei ndogo hata kidogo. Ilikuwa ni biashara, yaani kununua na kuuza. Tena soko, na bei yenyewe. Pengine waliita hata ng'ombe kwa neno hilo hilo, kwa sababu mifugo ndiyo iliyokuwa mali yao ya kubadilishana. Jambo hilo halitamshangaza mfugaji wa Kenya.

Wataalamu wa lugha wasema kwamba asili ya neno ni Kilatini, "caupo", maana yake mchuuzi au mwenye nyumba ya kuuzia mvinyo. Wajerumani nao husema "kaufen", yaani kununua. Na jina la Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, maana yake ni bandari ya wafanyabiashara.

Huko London iko barabara iitwayo Cheapside. Mgeni aweza kudhani ni mahali pa vitu vya bei ndogo. Sivyo. Zamani hapo palikuwa soko kubwa la mji, na njia za kando zatuonyesha vitu vilivyouzwa: Bread Street ni Mtaa wa Mkate, Milk Street ni Mtaa wa Maziwa, na Honey Lane ni Kichochoro cha Asali. Majina hayo yako mpaka leo.

Basi, maana ya bei ndogo ilitoka wapi? Zamani mtu aliyenunua vizuri alisema amepata "good cheap", yaani biashara nzuri. Wafaransa husema vivyo hivyo hata sasa: "bon marché", maana yake soko zuri. Kuanzia miaka ya 1500 Waingereza walizoea kuliacha neno "good", wakasema "cheap" peke yake. Baadaye neno lilianza kutumiwa hata kwa kitu hafifu kisicho na thamani. Kwa hiyo leo mtu akikuambia "cheap", hujui kama akuambia habari njema au mbaya.

Kiswahili chetu kina neno "rahisi", lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni bei ndogo. Sisi tumeongeza maana ya jambo lisilo gumu. Lakini kununua kwa bei rahisi si kazi rahisi. Wazee walisema: Rahisi inavunja upishi.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ulirudishe lile neno lililoachwa. Kwanza uliza kama ni biashara nzuri. Tuseme jembe moja ni shilingi 400, nalo lakatika baada ya msimu mmoja. Jembe la pili ni shilingi 900, nalo ladumu misimu 6. La kwanza limekugharimu shilingi 400 kwa msimu, la pili shilingi 150 tu. Je, lililo rahisi ni lipi?

Katika mbegu hasara ni kubwa zaidi. Mbegu zisipoota, umepoteza pia gharama ya kulima, mbolea na nguvu za watu wa nyumbani. Na mvua iliyopita hainunuliwi dukani. Kwa hiyo nunua katika duka lililoandikishwa, dai risiti na uiweke. Tazama lebo ya KEPHIS juu ya mfuko, ukwaruze mahali palipofichwa namba, kisha uitume namba hiyo kwa simu kwenda 1393. Utajibiwa kama mbegu ni halali. Fanya hivyo kabla ya kufungua mfuko.

Yule mzee alikuwa amechelewa kupanda mahindi tena, basi tulimshauri apande maharagwe. Alinunua mbegu mjini siku ile ile. Safari hii hakuuliza kama ni cheap. Aliomba miwani ya mwenye duka, akasoma lebo kwanza.