Neno gumu kwa maneno mepesi

Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Anaazima kamusi nene, anatafuta "stubborn". Anaambiwa ni "obstinate". Anafunua "obstinate", anarudishwa kwenye "stubborn". Kengele inalia.

Kero hii Michael West, mwalimu Mwingereza, aliigundua Bengal, alikokuwa mkuu wa chuo cha ualimu mjini Dhaka. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, alitoa kamusi iliyofafanua maneno na nahau 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Ukishayamudu hayo machache, mengine yote unayafikia mwenyewe. Wachapishaji wa kamusi wa Longman nao wakashika njia hiyo mwaka 1978, kwa maneno kama 2,000.

Tatizo ni kwamba Kiingereza kina ujanja wake. "Put", "up" na "with" hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuyasoma, lakini yakiandamana yanamaanisha kuvumilia, na hapo orodha ya maneno mepesi haimwokoi mtu. Tena ukiyabana maneno mno, fafanuzi zinarefuka kama barua ya posa.

Kura yangu naipa kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, kazi ya John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Yenyewe hufafanua kwa sentensi kamili, kama mwalimu anavyozungumza darasani: ukisema mtu ni "stubborn", una maana kwamba ameshikilia lake na hata umsihi vipi habadiliki. Papo hapo mwanafunzi anajua neno linasemwa juu ya nani, na kwamba si sifa ya kujivunia. Kisawe kitupu hakimpi hayo.

Shule isiyo na kamusi hiyo bado ina ubao na chaki. Mwalimu aandike neno, darasa lilifafanue kwa Kiingereza kile kidogo walicho nacho, kibovu kibovu, kisha walinyooshe pamoja. Ningeanza na maneno ya mtihani wenyewe: "state", "describe", "explain", "outline". Wapo wanafunzi wanaoujua mmeng'enyo wa chakula tangu mdomoni hadi utumbo mpana, lakini alama zinawapita kwa sababu wametaja palipotakiwa kuelezwa.