Damu Kwa Choo Si Aibu: Vile Seli Zako Hupigana na Kansa ya Utumbo

Wasee, hii stori si ya kukutisha, lakini isome hadi mwisho. Ukiwa Kayole, Umoja, Dandora ama Buru, kuna msee unamjua mwenye huona damu kwa choo na amenyamaza. Anajiambia ni bawasiri. Anaingia kemisti, anapewa dawa ya amiba, maisha inaendelea.

Mnamkumbuka Ken Okoth, mheshimiwa wa Kibra? Mapema 2019 aliwaambia Wakenya wazi kwamba ako na kansa ya utumbo mpana, na imefika steji ya 4. Tarehe 26 Julai mwaka huo akatuacha. Alikuwa na miaka 41 tu. Hiyo si miaka ya guka.

Sasa, hii kitu huanzaje?

Ndani ya utumbo kuna ngozi laini yenye hujibadilisha kila baada ya siku chache. Seli za zamani zinakufa, mpya zinazaliwa. Kila seli ikijigawa, lazima inakili DNA yake yote, na hiyo ni kama herufi bilioni 6. Imagine umempelekea msee wa saiba kitabu kubwa hivyo akupigie chapa. Lazima makosa yatakuwa.

Ndiyo maana mwili uko na mafundi wake: protini zenye kazi yao ni kukagua kopi. Moja inaitwa MSH2. Yeye na mwenzake hupita juu ya DNA wakitafuta herufi yenye imekaa vibaya. Wakiipata, wanaita MLH1 na kikosi chake. Kipande chenye kosa kinakatwa, kinatolewa, kinajazwa upya, kisha kinaungwa. Paul Modrich wa Marekani, mwenye alichambua hii kazi, alishinda Nobel ya kemia 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar, wenye walifafanua njia zingine za kurekebisha DNA.

Na makosa yakiwapita mafundi? Yakirundikana mahali mbaya, seli inaanza kuzaana bila kuskia mtu. Inakuwa kivimbe kadogo, na kwa kawaida inachukua miaka kama 10 hivi kugeuka kansa. Hiyo ndiyo nafasi yako. Daktari akiangalia na kamera, yaani kolonoskopi, anaweza kukikata hicho kivimbe kabla iwe noma.

Lakini kuna wasee huzaliwa fundi mmoja akiwa na shida tayari. Inaitwa sindromu ya Lynch. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ako na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Hapo kansa huweza kuja mapema na kwa haraka, so vipimo huanza hata ukiwa kwa miaka ya 20. Kwa hivyo keti na mathe na buda uwaulize: nani kwa familia aliugua tumbo ama mfuko wa uzazi akiwa bado mdogo? Ile stori ya "anko alirogwa" inaweza kuwa ilikuwa hii.

Na smokie pasua je? 2015, kitengo cha utafiti wa kansa cha WHO kilisema nyama za kiwandani husababisha kansa ya utumbo. Ukidishi gramu 50 kila siku, hatari yako inapanda kwa asilimia 18 hivi juu ya ile ulikuwa nayo. Smokie moja ya Ijumaa si hukumu ya kifo. Shida ni kila siku, ukiongeza fegi na pombe, juu hizo pia huharibu DNA na kuwaongezea mafundi kazi.

Ukiona damu, choo ikibadilika kwa wiki kadhaa, ama uzito ukishuka bila sababu, usiishie kemisti. Nenda hospitali, hata Mama Lucy iko hapo karibu, na umwambie daktari wazi bila kuona haya. Mara mingi itakuwa bawasiri kweli. Lakini wacha daktari ndiye aseme.

Mimi niliacha chuo kabla nimalize, na kwa baiolojia nilikuwa nalala. Hii moja nimeishika: mafundi wako wanapiga shifti usiku na mchana. Siku wamelemewa, ni wewe pekee unaweza kuwaitia msaada.