Gari limefungiwa garajini: tufanye nini?



Wengi wetu hupeleka gari kwa mafundi wa Buyenzi na kutanguliza pesa kabla kazi haijaisha. Siku moja tunakuta kufuli mlangoni: fundi amehama, na mwenye kiwanja anadai pango. Tujue hili: gari kukaa garajini hakulifanyi kuwa la fundi, wala la mwenye kiwanja. Pango ni deni la fundi.

Tusivunje kufuli, tusije tukaitwa wezi wa mali yetu wenyewe. Twende kwa mkuu wa mtaa na karte roze, risiti na mashahidi wawili. Tumwombe mlango ufunguliwe mbele yake na mbele ya mwenye kiwanja. Tuandike namba ya shasi, namba ya injini na kila kifaa kilichopungua, kisha wote watie sahihi. Kazi ambayo fundi amekwisha kuifanya, tuilipe. Wakikataa, tupeleke shauri Tribinali ya Residansi; kama thamani ya gari ni kubwa, litapanda Tribinali Kuu.

Tangu leo, tusiache gari bila karatasi yenye sahihi ya fundi: kazi gani, pesa ngapi, siku gani. Jasho letu lisipotelee nyuma ya kufuli.